Jukwaa la Karatasi: Warsha ya Vikaragosi na Sauti ya Mtoto wa Misikhu

1. Utangulizi

Misikhu ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Wengi wa wenyeji wa sehemu hizo ni Babukusu na Watachoni, lakini soko, kituo cha matatu na shule huwakutanisha na Wasabaoti wa Mlima Elgon, na Wateso, na watu wa makabila mengi ambao wazee wao walihamia mashamba ya Trans Nzoia baada ya uhuru wa mwaka 1963. Kwa hiyo mtoto wa Misikhu hulelewa katika lugha moja, hutumwa sokoni katika lugha ya pili, na aingiapo shuleni hukuta lugha ya tatu ikimngoja vitabuni. Aulizwapo swali mbele ya darasa, aghalabu hunyamaza.

Yafaa ieleweke kwamba kunyamaza huko si dalili ya kukosa la kusema. Mtoto huyo huyo akiwa nyuma ya nyumba, na gari lake la waya au mtoto wa bandia aliyemfunga kwa majani makavu ya mgomba, husema bila kukoma. Huwa dereva na utingo kwa wakati mmoja. Huwa mama amkaripiaye mwana, kisha huwa mwana ajiteteaye. Hubadili sauti, na hata lugha, kufuatana na yule anayemsemea.

Makala haya yanakusudia kueleza sanaa moja iliyojengwa juu ya kipawa hicho, nayo ni ile ya jukwaa dogo la karatasi lichezwalo juu ya meza. Sanaa hii huonekana siku hizi katika matamasha ya vikaragosi ya nchi mbalimbali, na mara nyingi hufundishwa humo kwa njia ya warsha. Kwanza yatachunguzwa majina tuliyo nayo katika Kiswahili. Pili, historia ya jukwaa la karatasi kwa ufupi. Tatu, hali ya vikaragosi katika Kenya. Na mwisho, jinsi warsha ya namna hiyo inavyoweza kuendeshwa mahali kama Misikhu. Hoja kuu ni kwamba jukwaa la karatasi huifaa lugha ya mtoto pale tu ambapo mtoto mwenyewe ndiye mwenye maneno yasemwayo. Akipewa maneno yaliyokwisha kutungwa na wengine, basi yeye ndiye aliyegeuzwa kuwa kikaragosi.

2. Juu ya Majina

Mwenye kutaka kuieleza sanaa hii kwa Kiswahili hukutana kwanza na wingi wa maneno. La kwanza ni bandia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yalitaja neno hili kwa maana ya sanamu ndogo ya kuchezea watoto, na ndiyo sababu watu husema "mtoto wa bandia". Baadaye maana yake ilipanuka ikawa kila kitu cha kuiga: meno ya bandia, na kwa ubaya zaidi, noti bandia na dawa bandia. La pili ni mwanasesere, ambalo limebaki katika malezi. Mwanasesere hubebwa, huogeshwa na kulazwa. Hana haja ya hadhira.

Neno la tatu, karagosi au kikaragosi, ndilo lihusulo makala haya, nalo limesafiri safari ndefu. Linatokana na Karagöz la Kituruki, lenye maana ya "jicho jeusi", ambalo lilienea katika nchi za Waarabu kabla ya kufika kwetu. Karagöz ni jina la mhusika mkuu katika mchezo wa vivuli wa Waturuki, unaochezwa kwa sanamu bapa za ngozi zilizotiwa rangi na kusogezwa nyuma ya kitambaa cheupe kinachomulikwa kwa taa. Mchezo huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO mwaka 2009, na ndugu yake wa Misri, al-Aragoz, ambaye ni kikaragosi cha mkononi, akafuata mwaka 2018.

Linalomhusu mwanafunzi wa lugha ni hili. Karagöz hachezi peke yake. Anaye mwenzake, Hacivat. Hacivat ni mtu wa elimu, asemaye lugha ya juu iliyojaa maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Karagöz ni mtu wa mtaani, na kila neno la fahari alisemalo mwenzake yeye hulisikia kama neno jingine la kawaida, akalijibu hilo alilolisikia. Humo ndimo kicheko kitokamo. Basi jina tulilolipokea lina ndani yake ugomvi wa lugha mbili, ile ya wakubwa na ile ya watu. Jambo hilo litarejewa katika sehemu ya sita.

Neno la nne ni kibaraka. Hili ni neno la siasa, nalo lilivuma sana katika miaka ya kupigania uhuru na iliyofuatia: mtu aliyewekwa mbele ili aseme na kutenda apendavyo bwana aliye nyuma yake. Kikaragosi nalo hutumiwa mara nyingine kwa maana hiyo hiyo. Si ajabu, kwani swali la sanaa hii na la siasa ni moja, yaani ni nani ashikaye uzi.

Kwa ile sanaa ya meza yenyewe, Kiswahili hakina jina lililozoeleka. Katika makala haya litatumika jina la wazi, jukwaa la karatasi, kwa sababu linataja kitu kama kilivyo na halimlazimishi mwalimu kueleza jina kabla ya kueleza kazi.

3. Asili ya Jukwaa la Karatasi

Sanaa hii ilianza London mwanzoni mwa karne ya 19. Wachapaji walianza kuuza picha za waigizaji mashuhuri wakiwa katika mavazi ya michezo iliyovuma wakati huo. Punde wakaona kuwa wanunuzi wakubwa ni watoto, wakaanza kuchapa mchezo mzima: wahusika katika mikao yao mbalimbali, mapazia ya nyuma yenye milima na majumba, vipande vya pembeni, na kijitabu cha maneno yaliyofupishwa. Karatasi moja iliuzwa kwa peni moja ikiwa haina rangi, na peni mbili ikiwa imekwisha kupakwa. Mtoto aliipaka, akaibandika juu ya kadibodi, akaikata kwa mkasi, kisha akaingiza wahusika jukwaani kutoka ubavuni kwa vipini vya waya.

Mchezo uliopendwa kupita yote uliitwa The Miller and His Men, yaani "Msaga Nafaka na Watu Wake", ulioandikwa na Isaac Pocock na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Covent Garden mwaka 1813. Habari yake ni ya watu wa kinuni ambao kwa siri ni wanyang'anyi; na mwisho wake kinu hulipuliwa. Hapana shaka mlipuko huo ndio uliowavuta watoto, wala si mashairi ya mapenzi yaliyoutangulia. Sanaa hiyo ilienea Ujerumani, Denmark na nchi nyingine za Ulaya, ambako familia nzima ilikusanyika sebuleni kutazama. Huko London duka la Benjamin Pollock liliendelea kuuza karatasi hizo hata baada ya watoto wengi kuziacha, na Pollock mwenyewe alifariki mwaka 1937.

Mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyelijua duka la Pollock, aliandika insha juu ya jukwaa hili mwaka 1884. Anakiri humo jambo la ajabu: kwamba raha yake utotoni ilikuwa katika kuchagua karatasi dukani na kuzipaka rangi, lakini kuucha mchezo wenyewe kulimchosha, wala hakuna mtoto ambaye angestahimili kuucheza mara ya pili. Maungamo haya ni ya thamani kwa mwalimu. Rangi zilikuwa za mtoto, lakini maneno yalikuwa ya watu wazima waliokuwa mbali, yaliyopunguzwa kutoka ukumbi mkubwa hadi yakakosa uhai. Mtoto alikuwa fundi wa picha na mtumwa wa kijitabu.

Sanaa hii ilipofufuliwa katika matamasha ya mwishoni mwa karne ya 20, waliyoifufua waliligeuza jambo hilo. Katika mji wa Preetz, Ujerumani, mikutano ya majukwaa ya karatasi imefanyika tangu mwaka 1988. Huko New York, katika miaka ya 1990, wasanii wa kundi la Great Small Works walianza kukata picha za magazeti ya siku hizo na kuzichezesha juu ya meza, wakitunga maneno yao wenyewe juu ya habari za dunia. Kisha wakaandaa tamasha la kimataifa, na watu wasio wasanii wakaalikwa kutengeneza majukwaa yao. Tangu hapo warsha ya jukwaa la karatasi imekuwa na kanuni moja: atengenezaye ndiye atungaye.

4. Vikaragosi katika Afrika ya Mashariki na Kenya

Isidhaniwe kwamba sanaa ya kuchezesha sanamu ni ngeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma wa Tanzania, baina ya vyama vya Bagika na Bagalu, sanamu za mbao zilitumika kuwavuta watazamaji, kwani kundi lililopata watu wengi ndilo lililoshinda.

Walakini vikaragosi kama chombo cha elimu ya umma vilianza kuenea Kenya katikati ya miaka ya 1990. Huko Afrika ya Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1980, Gary Friedman na wenzake walikuwa wamekwisha kutumia vikaragosi barabarani kufundisha juu ya UKIMWI. Mafunzo hayo yaliletwa Nairobi, na chini ya mradi wa uzazi wa majira uliojulikana kama Family Planning Private Sector, likaundwa kundi lijulikanalo kwa ufupi kama CHAPS. Vikundi vilifunzwa katika sehemu mbalimbali za nchi, vikacheza sokoni na viwanjani nyuma ya pazia la kitambaa, huku mwezeshaji akisimama mbele na kuwauliza watazamaji maswali.

Sababu ya kufaulu kwao ni rahisi kueleza. Mtu mzima hawezi kutaja mambo ya kitandani mbele ya wakwe zake na watoto wake, kwa maana ana jina, ana rika, na ana ukoo utakaoaibika. Kikaragosi hakina ukoo. Kikisema neno zito, hadhira hucheka kwanza, kisha hulifikiri. Uhuru huo ulionekana tena katika siasa mwaka 2009, wakati mchoraji Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alipoanzisha katika televisheni kipindi cha The XYZ Show, ambamo viongozi wa Kenya waliigizwa kwa vikaragosi vya mpira.

Kwa Babukusu, wazo la kwamba mtu mwenye nafasi maalumu hupewa ruhusa ya kusema asichosema mwingine si geni hata kidogo. Siku chache baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima hufanywa khuswala kumuse: msemaji wa jadi hutembea katikati ya watu walioketi, akasimulia historia ya koo, akawaonya walio hai, na hakuna amkatizaye. Jambo hilo ni zito na lina miiko yake, wala halifai kugeuzwa mchezo wa watoto. Linatajwa hapa ili kuonyesha kwamba jamii hii yajua vema tofauti baina ya mtu na nafasi aliyosimama anaposema.

Pamoja na mafanikio hayo, vikaragosi vya kampeni vina upungufu wake. Aghalabu ujumbe huamuliwa kabla ya kikundi kufika kijijini, na fedha hutoka kwa wafadhili. Kikaragosi kikubwa cha sifongo na nguo hugharimu fedha na huhitaji fundi. Mradi ukiisha, vikaragosi hulala sandukuni, na kijiji hubaki na kumbukumbu ya kicheko. Upande huu ndio ambapo jukwaa la karatasi lina la kuongeza.

5. Warsha na Vifaa Vyake

Misikhu si mbali na Webuye, mji ulioitwa zamani Broderick Falls, ambako kiwanda kikubwa cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi katika miaka ya 1970. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wenye mali wapya. Kwa muda wa kizazi kizima watu wa sehemu hizo waliona magogo yakipita yakienda kuwa karatasi. Hata hivyo, warsha haihitaji karatasi mpya. Katoni ya sabuni au ya mafuta ya kupikia, ipatikanayo nyuma ya duka lolote, yatosha.

Jukwaa hutengenezwa hivi. Katoni hulazwa ubavu, na upande wa mbele hukatwa dirisha pana, ukiachwa ukingo kama wa fremu ya picha. Juu ya katoni hupasuliwa mianya miwili au mitatu ya kupitisha mapazia ya nyuma, ili mandhari iweze kubadilishwa kwa kuvuta moja na kuteremsha jingine. Mbavu mbili za kulia na kushoto huachwa wazi. Humo ndimo wahusika waingiamo. Kila mhusika huchorwa juu ya karatasi ngumu, asizidi urefu wa shubiri, akaachiwa ulimi chini ya miguu, na ulimi huo ukabandikwa juu ya kipande kirefu cha kadibodi au waya wa gurudumu la baisikeli. Gundi hupikwa kwa unga na maji. Rangi nyeusi hupatikana kwa makaa, nyekundu kwa udongo, na kijani kwa majani yaliyopondwa; mwenye kalamu za rangi na atumie. Mwanga wa mchana watosha, na ikibidi kucheza usiku, tochi ni salama kuliko taa ya mafuta karibu na karatasi.

Kuna kanuni tatu za uchezaji ambazo mwalimu hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kwamba uso wa karatasi haubadiliki. Hauwezi kucheka wala kununa. Kwa hiyo furaha na huzuni zote hubebwa na sauti. Ya pili ni kwamba mhusika anayesema hutikiswa kidogo, na wengine hutulizwa kimya, la sivyo hadhira haitajua ni nani asemaye. Ya tatu ni ya ukubwa. Zimwi likichorwa mara tatu, dogo kama kidole, kisha la kimo cha kawaida, kisha kichwa peke yake kinachojaza dirisha lote, na picha hizo zikaingizwa moja baada ya nyingine, watazamaji wataona zimwi likija kutoka mbali mpaka mlangoni. Jambo hili haliwezekani kwa urahisi katika jukwaa la watu.

Katika utaratibu wa kazi, hadithi hutangulia mkasi. Inafaa siku ya kwanza watoto wakae na mzee au bibi awasimulie ngano kwa Lubukusu, au kwa lugha yoyote ya nyumbani kwao, bila haraka. Kisha waigawe katika makundi ya watoto wanne au watano, kila kundi likachagua tukio moja tu: zimwi kubisha hodi, sungura kumhadaa tembo, au kisa cha siku hizi cha matatu iliyokwama matopeni kati ya Misikhu na Webuye. Baadaye ndipo wachore na kukata. Maneno hutungwa mwisho, kwa kuyasema jukwaani mara nyingi, wala si kwa kuyaandika kwanza. Maana mtoto aandikapo huwaza tahajia, bali asemapo huwaza habari.

Jukwaa ni dogo, na watu wachache tu ndio waonao vema. Hili ni kasoro kwa mwenye kupenda umati, lakini ni faida kwa mtoto mwoga. Hadhira yake ni watu kumi au kumi na wawili walioinama karibu naye. Akimaliza, kundi jingine la watazamaji huja, naye hucheza tena. Kwa jinsi hiyo hurudia maneno yale yale mara nne au tano kwa siku moja bila kuona kwamba anafanya zoezi la lugha. Mpiga litungu akipatikana, hujaza nafasi baina ya pazia na pazia.

6. Suala la Lugha

Historia ya shule za Kenya imeacha jeraha katika jambo hili. Mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama alivishwa kibao cha aibu mpaka amkute mwenzake wa kumpa. Desturi hiyo imeelezwa na Ngugi wa Thiong'o katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Ngugi mwenyewe alikuwa ameona nguvu ya lugha ya wananchi jukwaani huko Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, ambako mchezo wa Kigikuyu uliochezwa na wakulima na wafanyakazi ulipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Ni dhahiri basi kwamba swali la lugha ya jukwaani halikuwa swali dogo.

Kwa upande wa sera, Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, ukarudia agizo la lugha ya mazingira kwa madarasa ya chini. Sera, kama ionekanavyo, haina upungufu. Linalokosekana ni mahali ambapo mtoto aweza kuziweka lugha zake pamoja bila kuadhibiwa wala kuchekwa.

Jukwaa la karatasi laweza kuwa mahali hapo, na hapa ndipo Karagöz na Hacivat wanaporudi. Katika Lubukusu, herufi b, d na g za Kiswahili sanifu hazisikiki kama zilivyo ila zikitanguliwa na king'ong'o, kama katika mb, nd na ng. Ndiyo maana Mbukusu ajifunzaye Kiswahili huweza kutamka gari kama "kari". Kosa hilo huwafanya watoto wengi kufunga midomo. Lakini ebu tazama liwezavyo kufanya kazi jukwaani. Mtoto wa karatasi wa Misikhu amwona baba yake akitoka shambani, akaita kwa furaha: "Papa! Papa anakuja!" Mgeni wa karatasi kutoka Mombasa, aliyekaribishwa uji, aruka juu ya kigoda akitafuta bahari ilipo, kwani kwake papa ni samaki alaye watu. Akitulizwa, mtoto amweleza kwamba kukhu naye yuko jikoni. Mgeni ashukuru, akauliza kama atachomwa au atatiwa mchuzi. Hajui kwamba kukhu ni bibi.

Katika kisa hiki watazamaji wa Misikhu ndio wenye elimu, na mgeni wa Kiswahili cha pwani ndiye asiyeelewa. Aliyezoea kuchekwa ndiye anayecheka. Zaidi ya hayo, ili mtoto autunge mchezo huo lazima ajue vema tofauti ya papa na baba, ya kukhu na kuku; yaani amejifunza kwa kicheko somo ambalo kibao cha aibu hakikuweza kumfunza. Na akitamka vibaya kwa bahati mbaya, kosa si lake, ni la kikaragosi. Hulishika kosa lile mkononi, akalitazama, akalirekebisha mchezo urudiwapo.

Haifai, kwa hiyo, warsha kuanza kwa amri ya lugha moja. Kila mhusika na aseme lugha impasayo: bibi Lubukusu, kondakta Kiswahili cha barabarani, karani Kiingereza chake cha ofisini. Kiswahili sanifu kitapata nafasi yake katika sauti ya msimulizi, ambaye hana budi kueleweka na watu wote walioizunguka meza, wa makabila yote. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyokua katika masoko ya nchi hizi: kwa sababu watu walikuwa na haja nacho.

7. Vikwazo

Si haki kuisifu sanaa hii bila kutaja vikwazo vyake. Kwanza, darasa lenye wanafunzi sitini au zaidi haliwezi kutengeneza majukwaa kumi na mawili katika kipindi kimoja. Kazi hii yafaa siku za tamasha, au mchana wa Ijumaa katika chama cha wanafunzi. Pili, mwalimu mwenye bidii huvutwa na hamu ya kusahihisha kila neno, na tamasha lenye mashindano humwongezea hamu hiyo, kwani waamuzi hutoa alama. Punde huandika yeye mchezo wote na watoto wakaukariri. Picha zitapendeza na alama zitapatikana, lakini hali itakuwa ile ile aliyoieleza Stevenson: mtoto hatataka kuucheza mara ya pili.

Tatu, mwenye fedha huja na ujumbe. Leo ni kunawa mikono, kesho ni kupanda miti. Jumbe hizo zaweza kuwa njema, na hakuna azipingaye. Lakini mtoto akiulizwa mwenyewe ni jambo gani lifaalo kusemwa kijijini, huenda akasema jambo ambalo hakuna mfadhili aliyelifikiria: habari ya ndugu aliyeacha shule, ya ng'ombe aliyeuzwa, ya baba aliyeondoka Webuye kiwanda kilipofungwa. Mwalimu akubali kwamba maneno hayo yaweza kumchoma yeye pia. Hiyo ndiyo gharama ya kumpa mtoto waya ashike, na asiyekuwa tayari kuilipa ni heri asianzishe warsha.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba jina kikaragosi limekuja kwetu likiwa na ugomvi wa lugha ya wakubwa na lugha ya watu ndani yake. Kwamba jukwaa la karatasi lilizaliwa likiwa bidhaa ya dukani yenye maneno ya wengine, likafufuka likiwa kazi ya mwenye kulitengeneza. Na kwamba vikaragosi vya kampeni katika Kenya vimewasemesha watu wazima mambo mazito, ila havikuwaacha na chombo mikononi mwao. Katoni, mkasi na gundi ya unga ni chombo kiwezacho kubaki.

Tamasha likiisha, wageni huondoka na turubai hukunjwa. Kipimo cha warsha hakiko katika picha zilizopigwa siku hiyo. Kipimo ni kama wiki moja baadaye, nyuma ya nyumba fulani pale Misikhu, katoni ile ile imefunguliwa tena bila mwalimu, na bibi ameitwa aje aone alivyochorwa.